Kuugawa Mto: Katuma ya Katavi na Min ya Sichuan

Katika ramani nyingi za Tanzania, Ziwa Katavi huchorwa kwa rangi ya buluu kana kwamba maji yake hudumu mwaka mzima. Msafiri anayefika huko mwezi wa Februari ataridhika na ramani yake, kwa maana mbele yake ataona maji yaliyotanda, ndege wa kila namna, na viboko waliotawanyika huku na huko. Lakini yule anayefika mwishoni mwa Septemba atakuta uwanda wa nyasi zilizokauka, udongo mweusi uliopasukapasuka, na nyayo za nyati mahali palipokuwa na maji. Mchoraji wa ramani aliichora masika akaisahau kiangazi.

Mto unaolijaza ziwa hilo ni Katuma. Huo huanzia katika vilima vya Mpanda, hupita Sitalike, kiasi cha kilometa 35 kusini ya mji wa Mpanda, kisha huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Humo hulijaza Ziwa Katavi, huvuka mbuga pana ya Katisunga, hulijaza Ziwa Chada ambalo nalo ni la msimu, na mwishowe maji yake hushuka kwa Mto Kavuu mpaka Ziwa Rukwa, lisilokuwa na njia ya kutokea baharini. Kila tone lisilotumiwa njiani huishia Rukwa na kupanda hewani kama mvuke.

Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Mji huo ulikua kwa sababu ya madini ya risasi. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapo mwaka 1950 kwa ajili ya kuyachukua. Mgodi ulifungwa zamani, lakini reli imebaki na imeendelea kubeba watu na mazao yao.

Kwa miaka mingi Katuma ulipungua kila kiangazi bila kukatika. Tangu mwanzoni mwa karne hii ya 21 umekuwa ukikatika kabisa katika sehemu kadhaa, na watafiti waliouchunguza wameitaja kuwa sababu kubwa ni maji yanayochepushwa huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Basi habari ya Katavi leo ni habari ya kugawana: ni nani apewe maji, kiasi gani, na kwa kipimo cha nani. Swali hilo liliulizwa pia, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, katika jimbo moja la kale la China, na jibu lililopatikana huko bado linafanya kazi.

VIUMBE WA MAJI YANAYOHAMA

Yafaa kwanza ieleweke ni kitu gani hupotea mto unapokatika. Kiboko hushinda majini, lakini chakula chake kiko nchi kavu. Usiku hutoka na kula kiasi cha kilo 40 za majani. Mchana hurudi kujihifadhi, kwa kuwa ngozi yake hupoteza maji upesi sana juani. Ngozi hiyo hutoa ute unaogeuka kuwa mwekundu, na wazee waliousimulia kuwa kiboko hutoka jasho la damu hawakuwa mbali sana na walichokiona. Mwaka 2004 wataalamu wa Japani walieleza ya kuwa ute huo una rangi mbili, nyekundu na ya chungwa, ambazo huzuia miali mikali ya jua, na kwamba ile nyekundu huzuia pia kukua kwa bakteria. Hata hivyo ute huo hauwezi kuchukua nafasi ya maji. Kiangazi kinapozidi, viboko kwa mamia hubanana katika madimbwi machache yaliyobaki, hasa Sitalike na Ikuu, migongo ikigusana katika tope, na madume hupigana mpaka kuuana.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Kiboko hula nchi kavu na kujisaidia majini, na kwa njia hiyo huhamisha rutuba kutoka mbugani kwenda mtoni. Mto unapotiririka, samadi hiyo huwalisha wadudu wadogo wa majini, na wadudu hao huwalisha samaki. Mto unaposimama, samadi hujilimbikiza, bakteria wanaoiozesha huimaliza oksijeni iliyoyeyuka majini, na samaki hufa. Kitu kile kile kilicholisha mto huugeuza kuwa sumu. Tofauti ni mwendo wa maji tu.

Mamba wa Katuma wamejipatia njia yao. Kiangazi hujificha katika mapango yaliyo kwenye kingo za mto, wengi katika shimo moja, na humo hukaa kwa utulivu wakiutumia mwili kwa uchache mpaka mvua irejee. Na wako viumbe ambao kuondoka kwao hakutamliza mtu. Nyanda za Iku na Katavi zimo katika orodha ya maeneo machache ya Afrika ambamo nzige wekundu huzaliana na kuanzisha makundi, kwa kuwa nzige huyo hupenda nyasi za mbuga zinazofurika na kukauka kwa zamu. Baa la nzige wekundu lililodumu tangu mwaka 1930 hadi 1944 lilienea sehemu kubwa ya Afrika ya kusini na mashariki. Maji ya msimu, basi, huleta neema na balaa pamoja, na wenyeji wa nchi hii hawakuhitaji kuambiwa na mtu.

MKWAJU WA KATABI

Kando ya Ziwa Katavi umesimama mkwaju ambao Wapimbwe na Wabende wanausimulia kuwa ni makao ya Katabi, mwindaji mashuhuri wa zamani ambaye roho yake inaiangalia nchi hiyo. Jina lake, ambalo katika maandishi limekuwa Katavi, ndilo lililopewa ziwa, kisha hifadhi, na hatimaye mkoa mzima. Hata katika nyakati hizi za hifadhi ya taifa, watu wamekuwa wakifika na kuweka sadaka chini ya mti huo ili kuomba baraka.

Mwalimu wa sayansi anaweza kuupita mti huo kwa haraka, akiona ni habari ya somo la wenzake wa historia. Afadhali asimame kidogo. Mila ya Katabi haikupima meta za ujazo, lakini iliweka wazi jambo ambalo sheria za leo zinahangaika kuliweka: kwamba nchi na maji yake vina mwenyewe, na anayetaka kuvitumia huomba kwanza. Aliyeingia mbugani kuwinda bila kuomba hakuogopa askari. Aliogopa kurudi mikono mitupu, au kutorudi.

Nguvu ya mila hiyo ilitegemea watu kukaa karibu na mti. Jambo hilo liliharibika hatua kwa hatua. Katika miaka ya 1920 ugonjwa wa malale uliosambazwa na mbung'o ulienea magharibi ya Tanganyika, na serikali ya Kiingereza ikawahamisha watu kutoka makazi yao ya kutawanyika na kuwakusanya mahali pamoja. Mwaka 1974, wakati Operesheni Vijiji ilipokuwa imepamba moto nchini, Katavi ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Baadaye ikapanuliwa mpaka kufikia kilometa za mraba 4,471. Mti ukabaki ndani na watu wakabaki nje. Wakati huo huo wageni walikuwa wakiingia kwa wingi: wakimbizi wa Burundi waliopewa makazi Katumba mwaka 1972 na Mishamo mwaka 1978, ambao wengi wao sasa ni raia wa Tanzania, na Wasukuma waliotoka kaskazini na ng'ombe wao kutafuta malisho. Watu hao walileta bidii, na baadhi yao walileta ujuzi wa kilimo ambao Mpanda haikuwa nao. Hawakumjua Katabi, wala hapakuwa na sababu ya wao kumjua.

JARUBA LAFIKA KATUMA

Mpunga wenyewe ni mgeni wa safari ndefu. Wataalamu wa mimea ya kale wanakubaliana ya kuwa mpunga wa Asia ulianza kufugwa shambani katika bonde la Mto Yangtze nchini China, yapata miaka 9,000 iliyopita. Kutoka Asia ulivuka Bahari ya Hindi, na punje zake zilizoungua zimechimbuliwa kisiwani Pemba katika vijiji vya zaidi ya miaka 1,000. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliuchukua kutoka pwani mpaka Tabora na Ujiji. Wasukuma wakautengenezea makao yake maalumu, yaani jaruba: kipande cha shamba kilichosawazishwa na kuzungushiwa tuta la udongo ili maji yasimame. Jaruba ndilo lililoshuka nao mpaka katika mabonde ya Katavi, na leo kata kama Mwamkulu na Kakese, zilizo upande wa juu wa hifadhi, zinajulikana kwa mpunga wake.

Mvua zikikatika kabla mpunga haujakomaa, au mkulima akitaka kulima msimu wa pili, hana budi kuutazama mto. Hujenga banio kwa magogo, matawi, udongo na viroba vya mchanga, maji yakapanda na kuingia mferejini. Banio moja dogo haliudhuru mto mkubwa. Lakini mabanio yakifuatana, kila moja likiziba mto ukingo hadi ukingo, la mwisho hupokea kilichosazwa na mengine yote. Serikali imevunja baadhi ya mabanio hayo kwa nyakati mbalimbali, na mengine yamejengwa upya, kwa kuwa njaa ya mkulima haivunjwi pamoja na banio lake. Kumwita mkulima huyo mwizi wa maji ya viboko ni kusema neno jepesi. Yeye anaulisha mji wa Mpanda.

HESABU INAYOWEZA KUFANYWA NA DARASA

Kabla ya kugawa kitu sharti kijulikane kiasi chake. Kupima mtiririko wa mto mdogo si kazi ya mahabara. Darasa la kidato cha pili linaweza kuifanya kwa kamba, rula ndefu, saa na gunzi la hindi. Upana wa mto hupimwa kwa kamba. Kina hupimwa katika sehemu kadhaa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na wastani wake hutafutwa. Upana ukizidishwa kwa wastani wa kina, hupatikana eneo la maji yanayopita. Kisha gunzi hutupwa mtoni na muda wake wa kusafiri meta 20 huandikwa. Kwa kuwa maji ya juu huenda mbio kuliko ya chini yanayosuguana na sakafu ya mto, mwendo wa gunzi huzidishwa kwa 0.85 au karibu yake. Kazi hii ifanywe mahali pasipo mamba wala viboko, na kamwe wanafunzi wasiachwe peke yao mtoni.

Tuseme mto wa mfano una upana wa meta 8 na wastani wa kina wa nusu meta: eneo lake ni meta za mraba 4. Gunzi limekwenda meta 20 kwa sekunde 40, yaani nusu meta kwa sekunde. Baada ya kusahihishwa ni meta 0.425. Mtiririko, basi, ni meta za ujazo 1.7 kwa sekunde, au 146,880 kwa siku.

Sasa tuulize jaruba linakunywa kiasi gani. Maji yanayopanda hewani, yanayonywewa na mpunga, na yanayozama ardhini, yakijumlishwa huweza kufikia sentimita moja ya kina kwa siku. Sentimita moja juu ya hekta moja ni meta za ujazo 100. Mto wetu wa mfano, ukimezwa wote pasipo kusazwa tone, ungetosha hekta 1,468. Masika hilo si tatizo. Lakini mto huo huo kiangazi ukishuka hadi meta za ujazo 0.2 kwa sekunde, utatoa 17,280 kwa siku, na hekta 173 tu zitaukausha. Wakulima wa mabonde machache, kila mmoja akiwa na jaruba zake chache, hufikia hesabu hiyo bila yeyote kati yao kujiona amefanya kosa.

JIMBO LA SHU

Sichuan ni jimbo la kusini-magharibi ya China, ambalo zamani liliitwa Shu. Utamaduni wake ni wa kale sana: mwaka 1986, katika mahali paitwapo Sanxingdui, yalifukuliwa mashimo mawili yaliyojaa vinyago vya shaba nyeusi vyenye macho yaliyochomoza, kazi ya watu walioishi huko zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wenyeji wake walijifunza kuchimba visima vya maji ya chumvi kwa patasi za chuma zilizoning'inizwa kwa kamba za mianzi. Kisima cha Shenhai, katika mji wa Zigong, kilivuka kina cha meta 1,000 mwaka 1835. Mtu wa Katavi anayejua chumvi ya Uvinza ilivyothaminiwa na misafara ya kale ataelewa kwa nini watu wa Zigong walijisumbua hivyo.

Lakini kitu kinachomhusu zaidi kiko kiasi cha kilometa 60 kutoka mji mkuu wa Chengdu, mahali Mto Min unapotoka milimani na kuingia katika uwanda. Zamani mto huo ulifurika vibaya kila mwaka theluji ya milimani ilipoyeyuka, na kiangazi uwanda uliteseka kwa ukame. Yapata mwaka 256 kabla ya Kristo, Li Bing, liwali wa Shu chini ya ufalme wa Qin, alianza kazi ya kuutawala. Kazi hiyo huitwa Dujiangyan, na jambo la ajabu ndani yake ni kwamba hakuuziba mto.

Katikati ya mto lilijengwa tuta refu lenye ncha kama mdomo wa samaki, nalo likaugawa mto kuwa mikono miwili. Mkono wa nje uliachwa upana na kina kidogo, ukaendelea na njia yake ya asili. Mkono wa ndani ulifanywa mwembamba na wenye kina kirefu, ukaelekezwa mashambani. Msomaji atauliza faida yake ni nini. Maji yakiwa machache hutafuta palipo chini zaidi, hivyo sehemu iliyo kubwa, kwa kawaida yatajwa sita kwa kumi, huingia mkono wa ndani na kuwafikia wakulima. Yakiwa mengi hujaa na kutanda, na hapo mkono ulio mpana ndio unaopokea sehemu kubwa, mashamba yakaokoka na gharika. Hapakuwa na mlango wa kufunguliwa wala mlinzi wa kukesha. Umbo la sakafu ya mto ndilo lililogawa.

Uchafu wa mto nao ulitafutiwa dawa. Yeyote aliyekoroga chai yenye majani ameona ya kuwa majani hayaendi pembeni mwa kikombe. Hujikusanya katikati, chini. Maji ya juu yanayozunguka kwa kasi husukumwa nje, na yale ya chini, yaliyopunguzwa mwendo na kitako cha kikombe, hurudi ndani yakiwa yamebeba majani. Mto unapopinda hufanya vivyo hivyo: maji maangavu ya juu huelekea ukingo wa nje wa pindo, mchanga na kokoto za chini huburutwa kuelekea ukingo wa ndani. Mdomo wa samaki uliwekwa penye pindo, upande ule ambao mfereji wa mashamba hupokea maji ya juu na mkono mwingine huachiwa mchanga mwingi. Mbele yake liko boma la chini ambalo maji ya ziada huliruka wakati wa mafuriko na kuutupa nje mchanga uliosalia. Kisha maji hupita katika mlango mwembamba uliokatwa katika mwamba wa mlima. Baruti ilikuwa haijavumbuliwa. Inasimuliwa kuwa mwamba ulichomwa kwa moto na kumwagiwa maji ya baridi mpaka ukapasuka.

Vifaa vilikuwa vya kijijini: vikapu virefu vya mianzi vilivyojazwa mawe, na magogo yaliyofungwa matatu matatu kama mafiga ili kuyazuia maji kwa muda. Vitu hivyo huoza, na kwa hiyo kila mwaka ilibidi virekebishwe. Wakati wa maji machache watu walikusanyika, wakazoa mchanga mpaka kufikia vipande vya chuma vilivyofukiwa kama alama ya kina. Kanuni iliyoachwa kwa vizazi ilikuwa fupi: mchanga uchimbwe sana, boma lisiinuliwe sana. Anayeshindwa kuchimba atataka kuinua boma, na boma lililoinuka huwanyima maji wa chini.

Vipimo vya maji vilikuwa sanamu za mawe zenye umbo la watu, zilizosimamishwa mtoni: maji yasishuke chini ya miguu yao, wala yasipande juu ya mabega. Mwaka 1974 ilifukuliwa mtoni sanamu ya Li Bing mwenyewe, yenye maandishi ya mwaka 168 baada ya Kristo. Hapo ndipo mila na vipimo vinapokutana. Juu ya mto limejengwa hekalu la kumheshimu Li Bing na mwanawe, na kila mwaka mwanzoni mwa Aprili hufanyika sherehe ya kuyafungulia maji, ambapo kamba za mafiga hukatwa na maji huingia mfereji kwa kishindo. Mkulima wa Sichuan aliyetoa sadaka hekaluni alikuwa anamheshimu mtu aliyeweka kipimo, na siku ya sherehe ilikuwa pia tarehe ya mwisho ya kazi ya kuzoa mchanga. Kumdanganya jirani juu ya maji kukawa ni kumdanganya Li Bing.

Mwaka 2000 Dujiangyan iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 2008 lililibomoa vibaya hekalu, lakini mdomo wa samaki ulipata nyufa tu. Siku hizi mianzi imebadilishwa kwa saruji katika sehemu nyingi, na mifereji yake humwagilia zaidi ya hekta 600,000.

YANAYOWEZA KUCHUKULIWA NA YASIYOWEZA

Ni kosa kudhani kuwa tuta la Sichuan laweza kuchorwa upya Sitalike. Min ni mto mkubwa mara nyingi kuliko Katuma, nao una akiba ya theluji milimani inayoyeyuka polepole. Katuma hauna theluji. Mvua zake hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na kinachotiririka Agosti ni maji yaliyozama ardhini miezi mingi nyuma.

Kinachoweza kuchukuliwa ni lile wazo la kugawa bila kuziba. Banio linalofunga mto mzima humpa wa juu vyote na wa chini mabaki. Banio lenye mwanya uliopimwa katikati, ambao sakafu yake iko chini kuliko mlango wa mfereji, hupitisha kwanza fungu la mto na kisha ndipo hujaza mfereji. Jengo la namna hiyo lahitaji mawe, saruji kidogo na fundi anayejua kutumia kamba ya usawa. Lahitaji pia makubaliano juu ya ukubwa wa mwanya, na hapo sheria ipo tayari: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inadai kibali kwa mtumiaji wa maji ya mto, inaweka mbele mahitaji ya watu ya nyumbani na kiasi cha maji ya kuuhifadhi mto wenyewe, na inatambua jumuiya za watumia maji chini ya bodi za mabonde. Mto Katuma umo katika bonde la Ziwa Rukwa. Tatizo la kibali cha karatasi ni kwamba mkulima hawezi kukiona kikiwa majini. Sanamu ya jiwe yenye miguu na mabega aliiona kila mtu, hata asiyejua kusoma.

Na theluji ya Katuma? Kwa namna fulani iko. Vilima vya juu vimefunikwa na miombo, misitu ya mitundu na mininga, ambayo majani yake machanga hutoka mekundu kabla hata mvua haijanyesha, kwa kuwa mizizi yake hufika kwenye unyevu wa chini. Majani yaliyooza huifanya ardhi iwe laini, na mvua kubwa inapopiga huzama badala ya kukimbia. Mabondeni mna mbuga zenye udongo mweusi zinazojaa kama sifongo na kuachia maji kidogo kidogo. Ni kweli kwamba miti nayo hunywa maji, na wataalamu wa maji hubishana juu ya hesabu hiyo katika kila bonde. Lakini kilima kilichofyekwa kwa mkaa au kwa shamba, kisha kikakanyagwa na mifugo mpaka udongo ukawa mgumu, huyatoa maji yake yote kwa siku chache yakiwa na matope, na mwezi wa Agosti hakina cha kutoa. Wafugaji wa nyuki wa Inyonga, ambao asali yao inatokana na maua ya miombo hiyo hiyo, wanaujua thamani msitu uliosimama. Mkulima wa jaruba hujua zaidi thamani ya mfereji, ingawa mfereji wake unaanzia katika kivuli cha miti ile.

Mwishoni mwa Oktoba joto la Mpanda huwa kali, na Katuma hufikia kiasi chake cha chini kuliko vyote. Huo ndio wakati wa kuupima. Masika kila mto unaonekana mkubwa.